Vitafunio vya Mtoto Mwenye Mzio: Anza na Chakula Unachokiona Kizima

Chukua pakiti yoyote ya unga wa uji wa watoto katika duka la Kitengela, uigeuze usome kilichoandikwa nyuma. Utakuta wimbi, mtama, mahindi, mawele, mbegu za terere, soya, njugu karanga, na mara nyingine omena zilizokaushwa zikasagwa humo humo. Unga huo husifiwa kwa wingi wa vitu vilivyomo, na mama mwenye mtoto mwenye afya hana sababu ya kuulaumu. Kwa mtoto mwenye mzio wa chakula, au aleji kama wengi wetu tunavyoiita, wingi huo ndio hatari yenyewe. Maziwa ya ng'ombe, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, njugu karanga, njugu za mitini kama korosho na makadamia, ngano na soya ndiyo makundi manane yanayosababisha sehemu kubwa ya mzio wa chakula duniani, na siku hizi ufuta, yaani simsim, umeongezwa juu yake. Kikombe kimoja cha uji wa mchanganyiko chaweza kubeba matatu kati ya hayo bila ladha yake kukudokezea lolote. Kwa hiyo shauri langu kwako unayelea mtoto wa namna hiyo, uwe pande za Laiser Hill, Kitengela, Isinya au Kajiado mjini, ni kwamba vitafunio vyake vijengwe juu ya vyakula vya kiungo kimoja ulivyoviona vikiwa vizima kabla ya kumenywa, kusagwa au kukaangwa. Pakiti, hata iliyotoka ng'ambo na kuandikwa kwamba ni salama, ije baadaye.

Kabla ya vitafunio, uhakika. Mzio ni kosa la kinga ya mwili, ambayo huichukua protini ya chakula kuwa adui na kuishambulia. Dalili zake mara nyingi huanza ndani ya dakika chache, na aghalabu kabla ya saa mbili kupita: mabaka yanayowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika, kukohoa, pumzi kupiga filimbi. Mtoto anayejaa gesi na kuharisha baada ya maziwa kwa sababu tumbo lake halimudu sukari iliyomo ana taabu ya aina nyingine isiyotishia uhai, na watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Andika alichokula, kiasi gani, na muda uliopita hadi dalili kutokea, kisha umpelekee daktari karatasi hiyo. Vipimo vya ngozi na vya damu hupatikana Nairobi, lakini vipimo peke yake havitoshi, kwa sababu mtoto aweza kuonekana ana mzio wa kitu kwenye maabara ilhali hukila kila siku bila shida. Historia uliyoiandika ndiyo inayompa daktari njia ya kuyasoma majibu. Mzazi anayeondoa vyakula kumi kwa kukisia humnyima mwanawe lishe, na bado huenda akawa hajakigusa kile kimoja kinachomdhuru.

Wapo watakaokwambia kwamba mzio ni ugonjwa wa Wazungu, au wa watoto waliodekezwa. Ushahidi uliopo Afrika unawapinga. Watafiti wa Afrika Kusini waliwapima watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu kwa kuwalisha chakula kinachoshukiwa chini ya uangalizi wa daktari, njia ambayo ndiyo ya kuaminika zaidi. Jijini Cape Town walikuta mzio kwa watoto wapatao 2.5 katika kila 100. Vijijini, Eastern Cape, walikuta 0.5. Tofauti hiyo kati ya mji na kijiji inapaswa kutushughulisha sisi, kwa sababu Kitengela ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu 150,000 katika sensa ya 2019, mahali ambapo wazee wanapakumbuka kama malisho ya mifugo. Sababu hasa za mji kuzaa mzio zaidi bado zinachunguzwa. Itoshe kusema kwamba maisha ya watoto wetu yanabadilika kuelekea upande ule ambako mzio ni mwingi, na shosho anayesema enzi zake hakuyaona haya huenda anasema kweli tupu kuhusu enzi zake.

Kwa nini basi nisikutume tu dukani ukatafute vitafunio vilivyoandikwa kwamba havina maziwa, ngano wala njugu? Vipo katika maduka makubwa ya Nairobi, na ukiwa na uwezo navyo vina kazi yake safarini. Lakini lebo humlinda mtoto pale tu chakula chake kikiwa na lebo. Viwango vya Afrika Mashariki vinavyosimamiwa hapa kwetu na shirika la KEBS vinadai viungo vya chakula kilichofungashwa viorodheshwe. Mandazi ya kibandani, viazi karai, bhajia, smoki ya mkokoteni, chapati ya hoteli na keki ya jirani havina karatasi yoyote. Wala kasoro hii haiko kwetu tu. Mwaka 2016 msichana Mwingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ndani ya unga wake. Mkate huo ulikuwa umefungwa pale pale dukani, na sheria ya wakati ule haikulazimisha viungo vyake viandikwe juu ya kifungashio. Uingereza ilibadilisha sheria hiyo, na tangu Oktoba 2021 vyakula vya namna hiyo lazima viorodheshe viungo vyote. Sisi tunaishi katikati ya vyakula vya namna hiyo asubuhi hadi jioni. Muuza mandazi anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa na bado asijue kama unga alioununua jumla una soya, au kama mafuta yaliyomo kwenye karai yake yalikaanga samaki jana. Kumuuliza ni haki yako. Kuyakabidhi maisha ya mtoto kwa jibu lake ni kumtwika mzigo asioweza kuubeba.

Kiazi kitamu, kwa upande mwingine, hakina siri. Ukikinunua sokoni, ukakiosha, ukakichemsha kwa maganda yake katika sufuria safi na kukikata vipande vinene kama kidole, umemaliza kazi, na kikipoa hubaki kitamu hadi saa nne shuleni. Nduma huenda vivyo hivyo, mradi uichemshe hadi iive kabisa, maana mbichi huwasha koo la yeyote, na mwalimu anaweza kudhani ni mzio. Muhogo umenywe, ulowekwe na uive vizuri. Malenge, ndizi mbivu, ndizi za kupika zilizochemshwa, papai, embe, tikiti na parachichi vyote viko sokoni kwa majira yake. Parachichi lina mafuta mema ambayo mtoto aliyekatazwa maziwa au siagi ya njugu huyahitaji sana, kwa hiyo mpe mara nyingi; likate asubuhi ile ile na ulipake ndimu lisigeuke jeusi. Mahindi mabichi yaliyochemshwa ni kitafunio kizuri kwa mwenye meno. Bisi zisimfikie mtoto aliye chini ya miaka minne, kwa sababu humkaba, na hatari hiyo haina uhusiano wowote na mzio. Na usisahau nyama. Kajiado ni nchi ya mbuzi na ng'ombe, na vipande vidogo vya nyama laini iliyochemshwa kwa chumvi kidogo ni kitafunio ambacho familia nyingi hazikifikirii kwa kuwa tumezoea kuliona neno hilo likiambatana na sukari na unga. Maharagwe na ndengu nazo zina nafasi. Njugu karanga ni jamii moja na maharagwe, jambo linalowatisha wazazi wengi, lakini watoto wengi wenye mzio wa karanga hula maharagwe bila tatizo. Mwulize daktari kuhusu wako kabla hujamnyima chakula cha bei nafuu chenye protini nyingi hivyo.

Unga ndio unaohitaji akili zaidi. Kinu cha kusaga posho mtaani husaga mahindi ya huyu, kisha mchanganyiko wa uji wa yule wenye karanga na soya, kisha ngano ya mwingine, yote kwa mashine moja isiyooshwa. Wimbi lako likipita hapo, linabeba vumbi la waliotangulia. Kumwomba mwenye poshomili atangulize kilo moja au mbili za mahindi yako, zisizokusudiwa mtoto, hupunguza mabaki bila kuyamaliza, na kwa mtoto ambaye hudhurika kwa chembe ndogo usitegemee njia hiyo. Kwake ni heri kuchagua nafaka nzima kwa mkono, kuziosha, kuzianika ndani ya nyumba na kuzisaga kwa blenda au kinu kidogo ambacho hakijawahi kuguswa na njugu. Kuchagua kwa mkono kuna faida ya pili: punje zenye ukungu hutupwa. Sumukuvu ya mahindi iliwaua watu 125 Ukambani mwaka 2004, hivyo jicho linalopita juu ya kila punje halipotezi wakati. Uji wa wimbi peke yake, uliochachushwa usiku mmoja, una ladha inayojitosheleza, na wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine tunazozila.

Na pale mtoto anapotaka kitu kinachofanana na mandazi ya wenzake, utamaduni wa Pwani umekwisha kutupatia jibu. Vitumbua hupikwa kwa mchele uliolowekwa na kusagwa, tui la nazi, sukari, hamira na iliki. Havihitaji ngano, maziwa, yai wala soya. Loweka mchele usiku, usage asubuhi na tui zito, uache uumuke, kisha uchome kwenye kikaango cha vitumbua kwa mafuta kidogo mapya. Vinakaa vizuri kwenye kontena hadi mapumziko, na siku ya sherehe ya kuzaliwa darasani vinaweza kupangwa sahanini watoto wote wakala. Kuna wapishi huongeza unga wa ngano au yai ili vishikane, kwa hiyo vitumbua vya kununua virudi kwenye kundi lile lile la mandazi ya kibandani. Kashata za nazi nazo zinafaa zikipikwa nyumbani. Za kuuzwa hupikwa mara nyingi sufuria moja na za karanga. Nazi yenyewe humdhuru mtoto mmoja mmoja tu, ila kama hajawahi kuila, mwanzishie kidogo nyumbani wala si shuleni.

Katika kaunti hii ya Kajiado swali la maziwa lina uzito wake. Mtoto anapothibitika kuwa na mzio wa maziwa ya ng'ombe, mtu wa kwanza atakayekuonea huruma atakuletea ya mbuzi. Yakatae kwa shukrani. Protini za maziwa ya mbuzi na kondoo zinafanana mno na za ng'ombe, na karibu watoto wote wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika na hayo pia. Ya ngamia yana tofauti kubwa zaidi, lakini hata hayo yajaribiwe mbele ya daktari tu. Kugandisha hakusaidii, kwa hiyo maziwa lala na mtindi bado ni maziwa, na samli hubaki na mabaki ya protini. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja, maziwa ya mama ndiyo nguzo, na yakikosekana daktari atamwandikia maziwa maalumu. Uji mwepesi wa mchele hauchukui nafasi hiyo hata kidogo. Aliye mkubwa zaidi apate kalsiamu kutoka kwa wimbi, terere, sukuma wiki, na omena kama samaki hawamdhuru, na uzito wake ufuatwe kliniki kila mwezi katika kijitabu cha mama na mtoto. Mstari wa ukuaji ukilala, lishe uliyomjengea haitoshi, hata kama hajatokwa na kipele kimoja. Liko jambo jingine linalosahaulika wakati wa ukame: ile lishe ya pakiti wanayopewa watoto waliodhoofika, uvumbuzi wa Mfaransa André Briend wa mwaka 1996, imetengenezwa kwa siagi ya karanga na maziwa ya unga. Ni chakula kilichookoa watoto wengi mno, na kwa mtoto wako huenda kikawa hatari. Mwambie mhudumu wa afya kabla hajaifungua.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka upande mwingine kabisa. Mzazi atasema: kama njugu na mayai yanadhuru hivi, si afadhali niwaondolee watoto wangu wote mapema, hata mdogo ambaye hajaonyesha dalili? Hivyo ndivyo madaktari wa watoto wa Marekani walivyoshauri mwaka 2000, wakitaka watoto walio hatarini wasiguse karanga hadi miaka mitatu. Shauri hilo likafutwa mwaka 2008. Mwaka huo huo utafiti ulionyesha kwamba watoto wa Kiyahudi wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga takriban mara kumi zaidi ya wenzao wa Israeli, ambako vitoto hulishwa mapema Bamba, kitafunio cha mahindi na karanga. Gideon Lack na wenzake jijini London wakalifanyia jambo hilo jaribio, wakalichapisha mwaka 2015. Walichukua watoto wachanga 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai. Nusu yao wakala karanga mara kwa mara, nusu wakaepushwa nazo. Kati ya wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha kitu mwanzoni, walipofika miaka mitano, 13.7 kwa 100 ya walioepushwa walikuwa na mzio wa karanga, dhidi ya 1.9 kwa 100 ya waliokula. Kwa hiyo uji ule ule wenye njugu unaomfungia mkubwa mlango waweza kuwa kinga ya mdogo wake. Baada ya miezi sita, siagi laini ya karanga iliyoyeyushwa ndani ya uji inafaa kwa mtoto asiye na dalili. Njugu nzima kamwe, kwa sababu ya kukabwa. Mwenye pumu kali ya ngozi, au anayeshukiwa kuwa na mzio mwingine, aonwe na daktari kwanza. Ndani ya nyumba moja hili lataka utaratibu: mdogo alishwe karanga mezani tu, kwa kijiko chake, akinawishwa na kufutwa kabla hajamkumbatia kaka yake.

Najua pingamizi la muda. Anayeondoka Kitengela saa kumi na moja alfajiri kuikwepa foleni ya Mombasa Road hana nafasi ya kusaga mchele. Chemsha basi viazi vitamu na nyama Jumapili, uweke vya siku mbili kwenye friji na vinavyobaki kwenye friza. Hapo asubuhi hubaki kukata tunda. Kazi yenyewe anaweza kufundishwa yeyote anayekusaidia nyumbani, ilimradi umwonyeshe kwa macho sufuria, mwiko na ubao visivyoguswa na kitu kingine. Hofu ya kwamba mtoto atajiona tofauti na wenzake ni ya haki. Hupungua anapopewa kitu kitamu na kinachopendeza macho, na mwalimu anapokuwa na akiba ya vitafunio vyake darasani kwa siku ambazo mwenzake anakuja na keki.

Shule inahitaji kutoka kwako karatasi moja, fupi, yenye picha ya mtoto: haruhusiwi nini, dalili zikoje, nani apigiwe simu, ni hospitali gani. Omba kanuni mbili tu zitekelezwe kwa darasa zima, kutobadilishana chakula, na kunawa kwa sabuni na maji baada ya kula, kwa sababu sanitaiza haiondoi protini ya karanga mikononi. Kisha mweleze mwalimu, shosho, na dereva wa basi la shule kwamba mtoto akianza kukohoa, kupumua kwa shida, kulegea, au kutapika mfululizo huku mwili umejaa mabaka baada ya kula, dawa anayoihitaji ni adrenalini ya kudungwa msuli wa paja kwa nje, na haraka. Piriton hupunguza kuwasha, haiokoi pumzi. Kalamu za kujidunga dawa hiyo si rahisi kupata hapa nchini na bei yake ni kubwa, kwa hiyo nenda mapema kwenye kituo kilicho karibu nawe, iwe hospitali ya Kitengela au zahanati binafsi, uulize kama adrenalini ipo saa zote na nani hudunga usiku. Mtoto alazwe chali miguu ikiinuliwa, au aketi kama anahangaika kupumua, na asisimamishwe wala kutembezwa. Hata akipata nafuu, apelekwe hospitali akaangaliwe kwa saa kadhaa, maana dalili huweza kurudi.

Mwisho, orodha ya makatazo iwe na tarehe. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa au mayai huuacha kadiri wanavyokua; wa karanga huuacha takriban mmoja kati ya watano. Rudi kwa daktari kila mwaka, ukiwa na daftari lako la alichokula na kilichotokea, umwombe ayapitie upya makatazo moja baada ya jingine. Kujaribu kwenyewe kufanyike hospitalini, mtoto akiwa mzima, bila mafua wala pumu iliyochachamaa, na adrenalini ikiwa mkononi mwa anayejua kuidunga.